Kijiji ambacho kifungua mimba ndiye mrithi

Kwa vizazi vingi katika kijiji cha Olympos, kisiwani Karpathos nchini Ugiriki, binti wa kwanza alipewa mali ya mama na mtoto wa kiume wa kwanza akapewa mali ya baba. Utaratibu huo uliokoa mashamba yasikatwe vipande vipande. Walioulipia ni wadogo zao.

Asubuhi na mapema, kabla jua halijafika kwenye vichochoro vya Olympos, moshi huwa umeanza kupanda. Unatoka kwenye matanuri ya mawe yaliyojengwa nje, kandokando ya njia, ambako kina mama hukutana kuoka mikate.

Mmoja analeta kuni za vichaka, mwingine unga uliokandwa usiku. Tanuri likishapata moto wa kutosha, majivu husukumwa pembeni, mikate ikaingizwa ndani na mlango ukafungwa. Wakati wa kusubiri ndio wakati wa mazungumzo: nani anaumwa, nani amejifungua, mtoto wa nani amepiga simu kutoka ng'ambo.

Wageni wengi wanaofika hapa hupiga picha ya tanuri na ya bibi aliyevaa gauni jeusi, mtandio wenye maua na mabuti ya ngozi ya mbuzi. Kisha huondoka wakisema wameona kijiji kilichotulia, kisicho na haraka.

Utulivu huo ni wa kweli. Ila nyuma yake kuna habari ambayo mzazi yeyote mwenye watoto zaidi ya mmoja ataielewa: mali ni kidogo, watoto ni wengi, na uamuzi lazima ufanyike.

Kijiji mgongoni mwa mlima

Karpathos ipo kati ya visiwa vya Krete na Rhodes, katika kundi la visiwa vya Dodecanese. Ni kisiwa chembamba na kirefu, chenye milima mikavu. Mji wake mkuu, Pigadia, upo kusini. Olympos ipo kaskazini, juu ya mgongo wa mlima, kiasi cha mita 300 kutoka usawa wa bahari.

Nyumba zake zimepandana kama ngazi, baa la moja likitazama paa la nyingine. Kwenye ukingo wa mlima vimesimama vinu vya upepo vya mawe, ambavyo zamani vilisaga ngano na shayiri ya kijiji kizima.

Waliokijenga walipanda huko kwa hofu. Karne nyingi zilizopita watu wa pwani ya kaskazini, wakiwemo wa mji wa kale wa Vrykounda, walikimbia maharamia waliokuwa wakija kwa majahazi kuiba na kuchukua watumwa. Walitafuta mahali ambapo mtu aliyeko baharini hawezi kuona moshi wa jiko.

Kujificha huko kulidumu muda mrefu kuliko hofu yenyewe. Hadi karne iliyopita, njia ya kawaida ya kufika Pigadia ilikuwa kushuka hadi bandari ndogo ya Diafani na kupanda boti. Umeme ulifika karibu mwaka 1980. Barabara ya kusini ilibaki ya vumbi kwa miaka mingi kabla ya kuwekwa lami.

Ndiyo maana mambo mengi yaliyopotea kwingineko Ugiriki yalibaki hapa. Lahaja ya wakazi wake bado ina maneno ambayo wataalamu wa lugha huyafuatilia hadi kwenye Kigiriki cha kale cha Kidori. Na mavazi ambayo vijiji vingine huyatoa kabatini siku ya sherehe tu, kina mama wazee wa Olympos wameendelea kuyavaa shambani.

Chumba kimoja, familia nzima

Nyumba ya asili ya Olympos ina chumba kimoja kikubwa. Upande mmoja umeinuliwa kwa jukwaa la mbao linaloitwa soufas. Hapo ndipo familia yote ililala, wazazi na watoto pamoja, chini yake kukiwa na nafasi ya kuhifadhia vyakula na vitu vya nyumbani.

Kuta zimejaa sahani za rangi, vitambaa vilivyotariziwa na picha za ndugu. Picha nyingi ni za watu waliosafiri. Mtoto aliyelala juu ya soufas alikua akitazamwa na baba mdogo aliyepo Piraeus, bandari ya Athens, au na shangazi aliyepo Baltimore, Marekani.

Chakula kilikuwa cha shamba na zizi. Hadi leo mlo unaopendwa ni makarounes, tambi nene fupi zinazokunjwa kwa vidole, zikamwagiwa vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vya kahawia, na jibini la mbuzi au kondoo juu yake.

Mashamba yenyewe ni ngazi za mawe zilizochongwa mlimani, na mengine yapo mbali. Msimu wa kupanda na kuvuna, familia zilihamia Avlona, kitongoji cha nyumba za mawe kaskazini mwa kijiji, zikakaa huko hadi kazi iishe.

Kazi kubwa ya shamba ilikuwa ya wanawake. Wanaume wengi wa Olympos walikuwa mafundi seremala na waashi, wakisafiri miezi mingi kutafuta kazi. Mama ndiye aliyelima, aliyechunga, aliyeoka na aliyelea. Mabuti yale ya ngozi yanayopigwa picha leo yalikuwa ya kumkinga na miiba na mawe.

Mama na nyumba yake

Hapo ndipo linapoanza jambo linalowashangaza wengi. Katika Olympos nyumba ni ya mwanamke. Msichana wa kwanza alipoolewa, mama yake alimwachia nyumba, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe.

Binti huyo wa kwanza ana jina lake: kanakara. Mtoto wa kiume wa kwanza huitwa kanakaris. Kwa Kigiriki neno hilo lina maana ya mtoto anayeengwaengwa, kipenzi cha nyumbani. Olympos likawa cheo.

Mali ilikwenda kwa mistari miwili isiyochanganywa. Nyumba, mashamba na dhahabu ambavyo mama alivipata kwa mama yake vilikwenda kwa kanakara. Mashamba na mifugo ambayo baba aliipata kwa baba yake ilikwenda kwa kanakaris. Makabidhiano hayakusubiri msiba. Yalifanyika siku mtoto anapooa au kuolewa, na wazazi wakajibana kwenye kilichobaki.

Ndoa iliyotamaniwa zaidi ilikuwa ya kanakara na kanakaris. Hapo mali mbili nzima zilikutana chini ya paa moja, na watoto wao wakaanza maisha wakiwa na pa kusimama.

Siku za sikukuu, kila mtu aliweza kuona nani ni nani. Kanakara alivaa kifuani mkufu wa sarafu za dhahabu, safu juu ya safu, uliokusanywa na bibi na bibi wa bibi. Kijana aliyekuwa akitafuta mchumba hakuhitaji kuuliza.

Jina linapobeba mali

Majina nayo yalifuata kanuni. Binti wa kwanza alipewa jina la bibi mzaa mama. Mtoto wa kiume wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba. Wa pili wakachukua upande mwingine: msichana wa pili jina la bibi mzaa baba, mvulana wa pili jina la babu mzaa mama.

Kwa hiyo jina na nyumba vilisafiri pamoja. Kama bibi aliitwa Sofia na nyumba ilikuwa yake, basi mjukuu wake wa kwanza kwa bintiye mkubwa naye alikuwa Sofia, na siku moja nyumba ingekuwa yake pia. Mama aliyekaa katikati aliishi kati ya Sofia wawili, mmoja anayeondoka na mmoja anayekuja.

Katika sehemu nyingi za Ugiriki watu husema mtoto anayepewa jina la babu au bibi humfufua. Olympos msemo huo ulikuwa na hati ya shamba nyuma yake.

Mtafiti Mfaransa Bernard Vernier aliishi na watu wa Karpathos na kuuchunguza utaratibu huu kwa miaka mingi. Mwaka 1991 alichapisha kitabu kuhusu wakubwa na wadogo wa kisiwa hicho, na mada yake kuu ni jinsi jamii inavyojenga hisia za watu.

Alichokiona ni kwamba hata mapenzi ndani ya nyumba yalifuata majina. Watu waliamini mtoto aliyebeba jina la upande wa baba anafanana na upande wa baba, sura na tabia, na aliyebeba jina la upande wa mama anafanana na wao. Babu alimvuta karibu mjukuu aliye somo wake. Shangazi naye alikuwa na wake.

Hakuna aliyekaa chini na kuamua ampende nani. Wazazi wale waliwapenda watoto wao wote, na wangekasirika kuambiwa vinginevyo. Lakini mtoto wa tatu au wa nne, asiye na jina lenye mali, aliona mapema kwamba macho ya wakubwa humpita na kutua kwa mwingine.

Mdogo aliyebaki mikono mitupu

Sababu ya utaratibu huu si ngumu kuielewa. Ngazi za mawe za Olympos ni nyembamba, mvua ni chache, na udongo mwingi ulibebwa kwa mikono. Shamba linalolisha watu watano likigawiwa kwa watoto sita, baada ya vizazi viwili hakuna anayekula. Kumpa mmoja kila kitu kulihakikisha walau nyumba moja inasimama.

Gharama yake ililipwa na waliozaliwa baadaye.

Msichana wa pili au wa tatu, asiye na nyumba wala shamba, hakuwa na cha kumvutia mchumba. Wengi hawakuolewa. Walibaki kwa dada mkubwa, wakilima mashamba yake, wakimlelea watoto na kumwokea mikate, malipo yao yakiwa chakula, nguo na mahali pa kulala. Alikuwa ni mama mdogo kwa watoto, lakini kazi yake ilikuwa ya mtumishi.

Kijana wa pili alikuwa na njia mbili. Abaki kuchunga mifugo ya wengine, au aondoke.

Jambo linalouma ni kwamba mkubwa na mdogo walilala kwenye soufas moja. Walikula sahani moja, wakafundishwa na mama mmoja. Kilichowatenganisha ni mwaka mmoja au miwili ya kuzaliwa. Na kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa kwa mama zao na bibi zao, mdogo alitakiwa kuona ni haki.

Wengi waliona hivyo, au walinyamaza. Dada mdogo aliyeitunza vizuri nyumba ya mkubwa wake alisifiwa kijiji kizima. Sifa ndiyo iliyokuwa urithi wake.

Meli ilipogeuza mizani

Mambo yalianza kubadilika kwa sababu ya hao hao waliofukuzwa na njaa ya ardhi. Waliosafiri walikwenda Rhodes, Piraeus na Marekani. Baltimore ikawa na familia nyingi zenye asili ya Olympos kiasi kwamba wanakijiji huitaja kama mtaa wa jirani.

Aliyeondoka bila shamba alirudi na fedha. Ghafla mdogo aliyenyimwa ndiye aliyetuma dola za kutengeneza paa la nyumba ya mkubwa, na kanakara aliyepewa ngazi za mawe akabaki nazo, akilima kwa mgongo uliopinda ardhi ambayo hakuna aliyeitaka tena.

Vijana nao walianza kuchagua wachumba kwa kigezo kingine. Msichana wa tatu mwenye kaka Marekani akawa na thamani kuliko wa kwanza mwenye shamba la shayiri.

Sheria ya nchi ilikuja kumalizia. Visiwa vya Dodecanese, vilivyokuwa chini ya Waturuki na baadaye Waitaliano, viliunganishwa rasmi na Ugiriki mwaka 1948. Sheria ya Ugiriki inampa kila mtoto fungu ambalo mzazi hawezi kumnyima hivi hivi: nusu ya kile ambacho angepata kama kusingekuwa na wosia. Mwaka 1983, Sheria namba 1329 ilifuta rasmi mali ambayo familia ya bibi harusi ililazimika kumpa mume, na kuwaweka mume na mke sawa katika familia.

Mila haifi siku sheria inapopita. Majina ya babu na bibi bado yanatolewa Olympos, na nyumba bado inafikiriwa kama ya mama na binti. Lakini yule dada mdogo anayezeekea jikoni kwa mkubwa wake bila ujira ni habari ya kizazi kilichopita.

Kisha ikaja zamu nyingine ya kushangaza. Watalii walipoanza kupanda mlima, nyumba ya zamani yenye soufas ikawa na thamani tena. Chumba kinaweza kupangishwa, mkate wa tanuri ukauzwa, kitambaa cha kutarizi kikanunuliwa. Mali iliyokuwa mzigo ikawa biashara, na swali la nani mwenye nyumba likarudi mezani, safari hii kati ya binamu wanaoishi mabara tofauti.

Baba anapolia mbele za watu

Pamoja na hayo yote, watu wa Olympos hawakuwa watu wa kukaa na vinyongo kimya kimya. Walikuwa na mahali pa kuvitolea.

Mahali hapo ni glendi, karamu ya kuimba. Wanaume hukaa kuzunguka meza ndefu. Katikati ni wapigaji: mmoja ana lyra, ala ndogo ya nyuzi tatu inayopigwa kwa upinde, mwingine ana laouto, jamii ya udi, na mwingine tsambouna, zumari yenye mfuko wa ngozi ya mbuzi.

Kinachoimbwa ni mantinades. Ni mashairi mafupi ya mistari miwili, kila mstari mizani 15, yenye vina mwishoni, na hutungwa papo hapo. Mmoja akitoa lake, wenzake hulirudia, kisha mwingine humjibu. Anayefahamu mashairi ya kujibizana ataelewa utamu wake, na hatari yake pia.

Baba humwimbia binti anayeolewa. Babu humwimbia mjukuu anayesafiri. Ndugu wawili wasiosemezana huweza kuambizana kwa beti jambo ambalo wasingethubutu kulisema kwa maneno ya kawaida, na meza nzima ikasikia. Wasiokuwepo nao huimbiwa: waliopo Baltimore, waliokufa mwaka huo.

Na wanaume hulia. Hulia wazi, vitambaa mkononi, mbele ya wake zao na watoto wao, na hakuna anayewaambia wajikaze. Katika kijiji hiki, mtoto wa kiume hukua akimwona baba yake akitokwa na machozi kwa ajili ya mtu anayempenda, na anajifunza kwamba jambo hilo lina wakati wake na heshima yake.

Mtoto mchanga naye hupokewa hivyo hivyo. Siku ya saba baada ya kuzaliwa, jamaa hukusanyika nyumbani na kumwimbia beti za kumtakia maisha. Kabla hajajua kusema mama, ameshatungiwa mashairi.

Pasaka pamoja na waliotangulia

Kila mwaka Olympos huwakumbuka wafu wake kwa namna inayowahusisha watoto.

Ijumaa Kuu, kanisani hupambwa epitafio, yaani jeneza la mfano la Kristo, kwa maua. Kina mama wa Olympos hubandika humo picha za waliofariki karibuni. Wanaomboleza mbele yake, na kila mtoto huona sura ya babu au jirani yake katikati ya maua.

Jumamosi jioni mbuzi au mwanakondoo aliyejazwa wali na viungo huingizwa kwenye tanuri, mlango ukazibwa, na nyama ikaachwa iive polepole usiku kucha. Hufunguliwa Pasaka, baada ya siku nyingi za mfungo.

Jumanne baada ya Pasaka ndiyo siku kubwa. Sanamu takatifu za kuchorwa hutolewa kanisani na kubebwa na wanakijiji kwa maandamano hadi makaburini. Padri husimama kaburi kwa kaburi na kuombea kila familia. Kina mama huweka vyakula na vinywaji, na wapitao hukaribishwa. Kisha maandamano huendelea mashambani, wakiombea mvua na mavuno.

Mtoto anayetembea na maandamano hayo huoneshwa: hapa amelala somo wako, jina lako lilikuwa lake.

Agosti, kijiji kinapojaa

Wakati wa baridi Olympos huwa na watu wachache sana. Wazee ndio wengi, watoto wa shule ni wa kuhesabu. Vinu vingi vimesimama bila tanga. Huo ndio utulivu ambao mgeni wa siku moja hausikii, kwa sababu yeye huja kiangazi.

Agosti mambo hugeuka. Agosti 15 ni sikukuu ya Kulala kwa Bikira Maria, na kanisa kuu la kijiji ni lake. Waliopo Athens, Rhodes na Marekani hupanda meli na ndege ili wawepo. Nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa, magodoro hutandikwa kwenye soufas, na binamu wasiofahamiana lugha hulala wamebanana.

Baada ya ibada watu wote hula pamoja, kwa kuwa nusu ya kwanza ya Agosti huwa ni mfungo. Jioni lyra huanza na dansi hufunguka. Ni mstari mrefu wa watu walioshikana mikono, wakizunguka polepole kwa hatua ndogo, saa baada ya saa, hadi usiku mkubwa.

Wasichana hucheza wamevaa nguo za sherehe na mikufu ya dhahabu. Zamani mstari huo ulikuwa kama daftari la urithi. Siku hizi aliyevaa dhahabu huenda amezaliwa Marekani, na Kigiriki chake kikawa cha kuungaunga. Nguo nzito zinamchosha kwa joto, lakini bibi yake amesimama pembeni akimrekebishia mtandio.

Agosti 29 wengi huendelea hadi Vrykounda, kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Yohana lililomo ndani ya pango kando ya bahari. Hufika kwa boti au kwa miguu, hula, hucheza na kulala nje chini ya nyota, mahali pale pale ambapo inasemekana mababu zao walipakimbia.

Septemba inapoingia, milango hufungwa mmoja mmoja.

Kinachobaki kwa mzazi

Wapo wanaoitazama Olympos na kuona pepo iliyopotea: mkate wa kuni, babu na bibi karibu, simu zikiwa mbali. Wapo wanaoitazama na kuona dhuluma kwa watoto waliozaliwa wakiwa wamechelewa. Wote wawili wanaona jambo la kweli.

Wazazi wa Olympos hawakuficha. Kila mtoto alijua tangu mdogo nani atapata nini, na kwa sababu gani. Hakukuwa na wosia wa kushtukiza baada ya mazishi, wala ndugu wa kugombea hati wakiwa bado wamevaa nguo za msiba. Uwazi huo una faida ambayo familia nyingi za leo hazina.

Lakini uwazi haukugeuza mzigo kuwa mwepesi. Mtoto anayejua kwamba hatapata kitu anajua pia kwamba nguvu zake zinamjenga mwingine. Kazi ya dada mdogo jikoni, safari ya kaka mdogo baharini, vyote viliingia kwenye nyumba ya mkubwa bila kuandikwa popote. Mali ya kifungua mimba haikuwa ya wazazi peke yao. Ilikuwa na jasho la wadogo ndani yake.

Hata sasa, mahali ambapo hakuna soufas wala sarafu za dhahabu, jambo hilo hutokea. Yupo mtoto anayesomeshwa kwa fedha iliyotokana na mwingine kuacha shule. Yupo binti anayebaki kuwatunza wazazi huku kaka zake wakijenga mjini. Familia huliita jambo hilo kusaidiana, na mara nyingi ndivyo lilivyo. Tofauti ni kama aliyesaidia anatajwa, na kama siku ya kugawana anakumbukwa.

Olympos walijua kutaja kwa nyimbo. Mezani kwenye glendi, aliyekwenda ng'ambo bila shamba aliimbiwa kwa machozi na kaka aliyebaki na shamba. Wimbo haukumrudishia ardhi. Ila ulisema mbele ya wote kwamba alikuwepo, na kwamba alipoteza.

Asubuhi moshi utapanda tena kutoka kwenye matanuri. Kina mama wataleta unga, na mkate wa kwanza ukitoka utamegwa na kupewa mtoto aliye karibu, awe wa kwanza au wa mwisho.